Mstari Ambao Kompyuta Haiusomi

"-- mwalimu usinitazame usoni. mume wangu yumo humu ndani. leo ataniua."

Jamani... mstari ule niliusoma mara moja tu, lakini mpaka leo ninavyowaandikia hapa, nikifumba macho nauona.

Nilikuwa nimeinama juu ya meza yake, namsaidia zoezi. Mkono mmoja umeshika kiti chake, mwingine ndio unaelekea kwenye kibodi.

Mkono ukagoma hapo hapo hewani!

Kabla sijapumua, nikasikia viatu nyuma yetu. Kuna mtu anakuja...

Yule dada akabonyeza kitufe cha kufuta. Maneno yakaanza kumezwa kutoka mwisho. "ataniua" likaenda. "leo" likaenda. "humu ndani" likaenda.

Skrini ikabaki tupu.

"Vipi hapa, tunakwenda sawa?" sauti ikauliza.

"Tunakwenda sawa," dada akajibu.

Wasomaji wangu, naomba msiruke hata kipande. Nilichofanya baada ya hapo, nilikifanya kwa moyo mweupe, na nusura kimtoe mtu roho.

Mimi kazi yangu ni kufundisha watu kuandika programu za kompyuta. Sifundishi mabingwa. Nafundisha wale ambao hawajawahi kabisa, wanaogopa hata kugusa kibodi wasije wakaiunguza.

Na lugha ninayofundisha si ile ya kuiamrisha mashine hatua kwa hatua kama unamtuma mtoto dukani. Hii kila kitu ni funksheni. Unaingiza kitu huku, kinatoka kitu kule. Ukiingiza kile kile, utapata kile kile, leo na mwakani. Watu wakiielewa hiyo, huwa wanaipenda sana.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Warsha ya kutwa nzima, kwa vitendo, kila mtu na kompyuta yake mbele.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la maofisi, mwisho wa korido. Mlango mmoja. Madirisha yanaangalia chini kwenye maegesho na geti. Maofisi mengine yote yamefungwa, jengo kimya, mlinzi peke yake yuko getini.

Wakati ule niliona pametulia vizuri. Nilisema, leo watu watajifunza!

Msaidizi wangu wa kawaida aliamka na homa. Nilipomwambia mchumba wangu, hakufikiria mara mbili.

"Nakuja mimi. Nani atakubebea projekta, mpenzi?"

Yeye kazi yake ni kufunga mitandao ya maofisini, kwa hiyo kompyuta si mgeni nazo. Harusi yetu ilikuwa imekaribia, kadi zimeshachapishwa. Mama yangu alikuwa hamwiti kwa jina tena, anamwita "mwanangu" mpaka mimi naona wivu.

Basi nikatangulia darasani, yeye akabaki chini anatafuta pa kuegesha gari.

Nina kawaida yangu moja. Asubuhi kila mtu namwambia aandike jina la utani kwenye karatasi, abandike kifuani. Inaondoa woga.

Mama mmoja mstaafu wa uhasibu akaandika "Mama Hesabu". Alikuwa na sauti, weee! Akisalimia, vioo vinatikisika.

Kaka mmoja mkubwa kama kabati, koti jeusi, shingo hakuna, akaandika "Baunsa". Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Na dada mmoja mwembamba, skafu ya kijani kichwani, akaandika "Mgeni". Akakaa meza ya katikati. Baunsa akakaa nyuma yake.

Ndipo mchumba wangu akaingia na nyaya za projekta begani.

Akasimama mlangoni kidogo. Kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha kitu kwenye gari.

Kisha akatabasamu.

"Mpenzi," akaninong'oneza, "kwa nini tusikusanye simu? Watu wakiwa na simu hawajifunzi."

Nikaona ni wazo zuri. Akapita na kikapu meza kwa meza, anawatania.

"Hata mwalimu! Toa mfano!"

Darasa likacheka. Nikatoa na yangu. Kikapu akaenda kukifungia kwenye kabati la koridoni, funguo akatia mfukoni.

Baadaye kidogo akasema mtandao wa jengo umekata. Sikujali. Programu zote zilikuwa zimeshapakiwa, tungeweza kuendelea bila mtandao.

Darasa likampenda hapo hapo. Alikuwa anapita kwa kila mtu na neno lake moja, "Taratibu, taratibu, hakuna anayekufukuza." Mama Hesabu ndiye akambatiza. Akawa Taratibu.

Funksheni ya kwanza ilikuwa ya salamu. Unaipa jina, inakurudishia "Habari" na jina lako. Mama Hesabu alipoona "Habari, Mama Hesabu" kwenye skrini alipiga kigelegele! Baunsa yake ikatoka "HabariBaunsa", imegandana. Akaitazama kama imemtukana.

Kisha nikawafundisha maelezo.

"Mstari ukiuanza na vistari viwili," nikasema, "kompyuta inauruka kama haijauona. Hayo ni maneno ya binadamu kwa binadamu. Andikeni lolote, yeye haulizi."

Nikawapa zoezi jingine, nikaanza kuzunguka.

Na hapo ndipo nilipofika kwenye meza ya Mgeni...

Nilirudi mbele ya darasa.

Nikashika kalamu ya ubao ili mikono ipate pa kujificha. Nikajikaza kisabuni, nikaendelea kuongea. Sijui nilisema nini. Macho yangu yalikuwa yanapita juu ya wanaume waliomo humo, mmoja baada ya mwingine.

Ni huyu? Ni yule?

Kijana wa miwani? Hapana, huyo hajaota hata ndevu.

Ndipo nikamwona Baunsa.

Hakuwa anaangalia kompyuta yake! Alikuwa amenyoosha kichwa, anamtazama Mgeni kwa nyuma. Hapepesi macho. Nikageuka nikaandika kitu ubaoni, nikageuka tena... bado anamtazama!

Nikasubiri watu wazame kwenye zoezi. Nikapita kwa wengine kwanza, nisije nikaonekana. Nikafika kwa Mgeni, nikainama, nikaandika kwenye kibodi chake:

"-- ni wa nyuma yako?"

Hakujibu kwa kuandika. Aliinua macho, akageuza kichwa kidogo sana, akatazama nyuma. Uso ukamwisha damu.

Nikafuata macho yake. Baunsa amekaa pale, kidevu mbele. Nyuma ya Baunsa, mlangoni, Taratibu amesimama anakunja waya.

Mgeni akafuta mstari wangu haraka.

Basi. Nikawa nimeshajua. Ni Baunsa.

Nyie mnaosoma labda mmeshaanza kunizomea. Lakini mimi nilikuwa pale, na mtu ninayemwamini kuliko wote duniani amesimama hatua chache kutoka kwangu. Ningewaza nini?

Mapumziko yakafika. Watu wakatoka koridoni kunywa chai. Mgeni hakuinuka. Na Baunsa naye hakuinuka!

Nikamvuta mchumba wangu pembeni, karibu na ngazi.

"Kuna hatari humu ndani," nikamwambia.

"Hatari gani?"

"Yule dada wa skafu ya kijani. Mgeni. Ameniandikia kwamba mume wake yumo darasani. Anasema leo atamuua!"

Akatupa jicho kwenye mlango wa darasa.

"Amekuandikia wapi?"

"Kwenye kompyuta. Kwenye mstari wa maelezo."

"Amemtaja jina?"

"Hapana. Lakini mimi najua ni nani. Ni Baunsa."

Akashusha pumzi ndefu. Akaweka mkono begani kwangu.

"Vizuri umeniambia mimi," akasema. "Umemwambia mtu mwingine?"

"Hapana."

"Usimwambie. Utaleta taharuki, na huyo jamaa akijua amegunduliwa atafanya lolote. Sikiliza. Mkirudi ndani, wewe fundisha kama kawaida. Mimi nitamwita yule dada kwa kisingizio, nimshushe kwa ngazi za nyuma, nimuingize kwenye gari langu. Nitamfikisha polisi mwenyewe."

Nilitaka kulia kwa jinsi nilivyofarijika.

"Asante," nikasema. "Sijui ningefanya nini bila wewe."

Wakati huo mlango wa darasa ukafunguka kidogo. Mgeni akachungulia, mkoba uko begani. Akatuona tumesimama kwenye ngazi, mkono wa mchumba wangu uko begani mwangu.

Akarudi ndani. Mlango ukajifunga.

Nikasema moyoni, maskini, Baunsa amemrudisha.

Tukarejea darasani. Nikaonyesha jinsi ya kuchukua orodha ya maneno na kuipitisha kwenye funksheni, neno kwa neno, bila kuishika kwa mkono. Watu wakainamia mashine zao. Nami nikaenda moja kwa moja kwa Mgeni kumpelekea habari njema.

Nikaandika:

"-- usiogope. nimemwambia mwenzangu. atakutoa kwa gari lake."

Nikasubiri apumue.

Hakupumua.

Alifumba macho. Akakaa hivyo, kama mtu anayesikiliza mlango wa mwisho unafungwa. Kisha akaweka kidole kimoja kwenye kibodi. Akaandika herufi moja moja...

"-- ndiye huyo"

Nikasoma. Sikuelewa. Nikasoma tena.

Ndiye huyo nani?

Akaongeza:

"-- mwenye funguo"

Nikainua kichwa.

Mchumba wangu alikuwa mlangoni. Funguo za gari zinaning'inia kidoleni, anazizungusha. Ananitazama, anatabasamu. Tabasamu lile lile nililompelekea mama yangu nyumbani.

Jamani, nilihisi sakafu imeondoka!

Aliyekuja nyuma yetu kuuliza kama tunakwenda sawa, ni yeye. Simu zetu amefungia yeye. Mtandao umekatikia mikononi mwake. "Amemtaja jina?" Ile pumzi aliyoshusha... Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nimemwambia kila kitu!

"Mgeni, dada yangu," akaita kwa upole. "Njoo mara moja. Kuna karatasi yako ya usajili haijakamilika."

Na Mgeni akainuka!

Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama kile. Hakubisha. Aliinuka kama mtu aliyezoea kuitwa, akaokota mkoba wake.

"Subiri!" nikasema.

Sauti ilinitoka kali, nusu ya darasa wakageuka.

"Kwanza... kwanza amalize zoezi."

"Nitamrudisha sasa hivi, mpenzi."

"Hapana. Nataka aonyeshe kazi yake kwa wote."

Akanitazama. Nami nikamtazama.

Mtu uliyetaka kuolewa naye anaijua sura yako. Akaisoma yote. Tabasamu likabaki mdomoni lakini machoni likazimika, na nikajua kwamba amejua.

Mkono wake ukaenda nyuma, bila kuangalia, ukazungusha ufunguo wa mlango.

Kla!

Wachache ndio waliosikia. Mimi niliusikia mpaka kwenye meno.

Nikatembea kwenda mbele, kwenye mashine yangu iliyounganishwa na projekta. Kama ningepiga kelele, angemfikia Mgeni kabla watu hawajaelewa kinachoendelea. Nikakaa. Nikakuza maandishi mpaka mwisho. Nikaandika, na kila herufi ikawa inatokea ukutani mbele ya darasa zima:

"-- MWANAMUME ALIYE MLANGONI NI MUME WA MGENI. ANATAKA KUMTOA HAPA AMDHURU. MSIMRUHUSU."

Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja.

Na yeye akacheka! Kicheko laini kabisa.

"Samahanini sana, jamani," akasema. "Mwalimu wenu ni mchumba wangu. Kazi nyingi, maandalizi ya harusi, amechoka. Na ana wivu kidogo."

Wengine wakatabasamu. Mimi nikatikisa kichwa kuwakatalia.

Akaona tumesitasita. Akashusha sauti, akaweka huzuni.

"Ukweli ni kwamba huyu dada naye namjua. Niliwahi kumuoa. Ni mke wangu kwa karatasi. Anaumwa akili, ametoroka matibabu, familia tumemtafuta mpaka tumechoka. Naombeni mnisaidie tu nimfikishe kwenye gari. Atapata dawa, atatulia."

"Maskini..." mtu mmoja akasema.

Na kijana wa miwani, Mungu amsamehe, akasimama kwenda kumsaidia!

Nilimtazama Mgeni. Alikuwa ametulia tuli. Macho yake yananiangalia mimi tu, kavu, hayana hata matumaini. Kama anayesema, umeona? Ndivyo inavyokuwa siku zote.

"Ngoja kwanza, baba."

Alikuwa Mama Hesabu. Ameinuka, miwani imeshuka puani.

"Mwalimu ni mchumba wako."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu ni mke wako."

"Kwa karatasi, mama, nimesema..."

"Na asubuhi umepita hapa na kikapu, ukamwambia 'karibu dada, jina zuri, Mgeni', kama hujawahi kumwona tangu uzaliwe. Mkeo mgonjwa aliyepotea! Hesabu hiyo, baba, kwangu hainiingii."

Hakuna aliyecheka.

Uso wa Taratibu ukabadilika. Sikuwahi kuuona uso ule, nami nilikuwa nimebakiza hatua chache niulaze kwenye mto mmoja na wangu.

Akaruka! Meza ikasukumwa, kompyuta ikaanguka, akamdaka Mgeni mkono na kumvuta kuelekea mlangoni.

Baunsa akasimama.

"Mwachie."

"Hayakuhusu!"

"Mwachie, nimesema."

"Huyu ni mke wangu!"

Baunsa hakujibu tena. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akaubana tu, jinsi unavyobana nguo ya kukamua. Vidole vya Taratibu vikafunguka vyenyewe.

Mgeni akaanguka sakafuni, na Taratibu akajichomoa. Nikamkimbilia, nikamlalia juu kama kuku juu ya kifaranga, nikisubiri pigo.

Halikuja. Nikasikia ufunguo, mlango, kishindo. Kisha ufunguo tena... kwa nje!

Ametufungia!

Koridoni kabati likafunguliwa kwa vurugu. Anachukua simu zetu. Miguu ikashuka ngazi mbio. Watu wakaanza kugonga mlango, wengine wanalia. Nami nawaza, anashuka kufanya nini? Atarudi na nini?

Mama Hesabu yeye alikwenda dirishani. Akalifungua lote, akajaza kifua hewa.

"MLINZIII! FUNGA GETI! MWIZIII! MWIZI WA SIMU HUYOOO!"

Nadhani hata mtaa wa pili walisikia! Mlinzi akalivuta geti, akatia kufuli. Watu wa barabarani wakaanza kukusanyika nje, wakawapigia polisi.

Polisi walipofika walimkuta ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa, kikapu kiko mapajani, na simu zetu zinaita humo ndani, moja inanyamaza nyingine inaanza.

Baadaye nilimuuliza Mama Hesabu kwa nini alisema mwizi.

"Mwanangu," akasema, "ningesema kuna mume anamdhuru mkewe, wangeniambia hayo ni mambo yao ya ndani."

Na Baunsa naye nikamuuliza. Nilikuwa nimeshamwomba radhi moyoni mara nyingi, lakini nilitaka kujua.

"Mbona ulikuwa unamtazama Mgeni muda wote?"

Akainamisha kichwa. Mwanamume mzima, kabati zima!

"Nilikuwa naibia majibu, mwalimu. Kazi yake ilikuwa inakubali. Yangu inagoma."

Tukacheka huku tunalia.

Watu walipoondoka, nikabaki na Mgeni kwenye ngazi, tunasubiri askari wa kike amchukue maelezo. Mkono wake umevimba. Skafu ilikuwa imeteleza, nikaona kovu linalotoka sikioni mpaka kisogoni. Hakulificha.

"Kwa nini hukupiga kelele mapema?" nikamuuliza.

"Nilishawahi kupiga, mbele za watu wengi. Akawaambia nina wazimu. Wakamsaidia kuniingiza garini."

Nikamshika ule mkono mzima.

"Na mbona hukuniandikia kwamba ni yeye, tangu mwanzo?"

"Mwalimu, wewe unafundisha kwa uso. Ungesoma ni yeye, angekuona. Nilitaka kwanza unitoe nje."

Nikainama. Nikalia. Nikamwambia nisamehe, ulikuja kujifunza kitu kipya, ukakutana na haya kwenye darasa langu.

Akatikisa kichwa.

"Sikuja kujifunza kompyuta."

"Ulikuja kufanya nini?"

"Nilikuja kwa ajili yako."

Nikamtazama.

"Huko ninakoishi ni mbali, hakujua nilipo. Nilikuwa salama. Halafu nikaiona picha yenu mtandaoni, ile ya pete. Tangazo la warsha lilikuwa na jina lako na la msaidizi wako, yeye hakuwemo. Nikasema nitakaa darasani, likiisha nikuvute pembeni nikuambie. Ndipo akaingia na nyaya begani."

"Hunijui mimi," nikasema. "Ulikuwa salama... ukaja?"

"Kwenye ile picha ulikuwa unacheka. Hata mimi kwenye picha zangu naye nilikuwa nacheka hivyo hivyo. Na kuna dada mmoja alikuja kunionya kabla sijaolewa, yule aliyenitangulia. Nilimtukana, nikamfukuza mlangoni. Nikawa najiuliza, huyu naye akinifukuza? Nikasema afadhali anifukuze."

Jioni ile nilimpigia mama simu nikamweleza. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Na mimi ndiye niliyekuwa namwita mwanangu." Halafu akaniuliza yule dada atalala wapi. Alilala kwetu, chumba changu, mimi nikalala kwa mama kama mtoto.

Sasa wasomaji wangu, mimi siwezi kuwafundisha kumjua mtu mbaya kwa sura. Ningeweza, ningejiokoa mwenyewe.

Ila akija mwanamke kukuambia jambo kuhusu mwanamume wako, mpe kiti. Si kila anayekuja ana wivu. Msikilize mpaka amalize, hata kama hutamwamini.

Na mtu mwenye hofu akikunong'oneza siri yake, usikimbie nayo kwa yule unayempenda. Muulize yeye kwanza: nimwambie nani? Nisimwambie nani?

Sikumuuliza. Mtu alivuka nchi nzima kuja kuniokoa, nami nikamchukua nikampeleka moja kwa moja mikononi mwa aliyemkimbia.

Tena kwa nia njema kabisa.